Joto kwanza, maziwa baadaye: kumuuguza mtoto wa paka aliyeokotwa

Watoto wa paka wengi wanaookotwa mitaroni, sokoni na nyuma ya mahoteli hawafi kwa kuwa ugonjwa wao umekosa dawa. Hufa usiku wa kwanza, mikononi mwa watu wenye huruma, kwa sababu mambo mema yamefanywa kwa mpangilio mbaya. Mtu anamkuta amelowa, macho yamezibwa na tongotongo, sauti imekauka kwa kulia. Anakimbilia jikoni, anampasha maziwa ya ng'ombe, anamkamulia mdomoni kwa bomba la sindano, kisha anaanza kuuliza dawa. Kukicha, paka amekakamaa ndani ya boksi.

Mpangilio unaookoa ni huu: joto, halafu maji na sukari, halafu chakula, na dawa mwisho. Nitaeleza sababu ya kila hatua, maana anayejua sababu habahatishi hata saa nane za usiku akiwa peke yake na kiumbe kinachotosha kiganjani.

Kazi hii kwetu haina msimu. Paka jike huingia kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa na dume, kwa kufuata urefu wa mchana. Katika nchi za baridi hupumzika majira ambayo mchana ni mfupi, lakini karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo anashika mimba mwezi wowote, anaibeba siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Ndiyo sababu Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam utakutana na vilio vya watoto wa paka masika na kiangazi.

Kabla ya kumchukua, hakikisha kweli ameachwa. Mama huenda kuwinda na huhamisha watoto mmoja mmoja kwa mdomo, kwa hiyo unayemwona peke yake huenda anasubiri zamu yake. Kama wana joto, wamelala kimya wamelundikana na matumbo yamejaa, mama yupo. Kaa mbali uangalie kwa saa chache. Wakiwa wa baridi, wamelowa, wachafu, wanalia bila kukoma au wana inzi na mayai ya inzi mwilini, usisubiri.

Umri wake ndio utakaoamua mengi. Kitovu hudondoka ndani ya siku tatu hadi tano. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele huanza kuchomoza akielekea wiki ya tatu au ya nne. Aliyezaliwa leo ana gramu 100 hivi, wa wiki nne ana 400 hivi, wa wiki nane ana 800 na zaidi. Ukikutana na mwenye meno lakini ana gramu 250, huyo amedumaa kwa njaa au maradhi, na umri wake usomwe kwenye meno na si kwenye mizani.

Joto

Mtoto wa paka wa chini ya wiki tatu au nne hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Hana mafuta mwilini, na katika siku za mwanzo hana hata uwezo wa kutetemeka. Joto lake lote linatoka kwa mama na ndugu zake. Wiki ya kwanza joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 35 na 37, na hupanda polepole hadi kufikia nyuzi 38 na kidogo kama la paka mkubwa. Likishuka chini ya 35, utumbo unaacha kusukuma chakula. Maziwa yanayoingia wakati huo hayasagwi. Yanakaa tumboni, yanachacha na kulijaza hewa. Pia uwezo wa kumeza unakuwa dhaifu, kwa hiyo sehemu ya maziwa inaingia kwenye mapafu, na nimonia inaanza siku hiyohiyo.

Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha. Kipake mafuta kidogo, ingiza ncha tu sehemu ya haja kubwa, na kishike mwenyewe muda wote. Kama hakipo, mtie ncha ya kidole kisafi mdomoni. Kinywa kikikupa ubaridi, huyo bado hajawa wa kulishwa, hata akilia vipi.

Watu wa pwani hudanganywa na hali ya hewa. Dar es Salaam mwezi wa pili unatokwa jasho umekaa, kwa hiyo ni vigumu kuamini kuwa kuna anayekufa kwa baridi. Lakini mwili mdogo uliolowa, ukilazwa kwenye sakafu ya saruji au vigae chini ya feni, hupoteza joto upesi mno. Mkaushe kwanza. Kisha mweke ngozi kwa ngozi, kifuani chini ya shati, huku maji yakichemka. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu ya lita moja au moja na nusu, ifunge kwa taulo au kanga mbili tatu hadi ukiigusa unahisi uvuguvugu na si moto, na uilaze upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uache bila chupa, ili akizidiwa na joto ajisogeze. Chupa ikipoa, badilisha mara moja, kwa sababu chupa ya baridi humnyonya joto ulilotaka kumpa.

Mpandishe taratibu, kwa saa moja hadi tatu. Usimtumbukize kwenye beseni la maji ya moto wala usimpulizie mashine ya kukaushia nywele. Ngozi ikipata moto wa ghafla, mishipa ya juu hutanuka, damu inaviacha viungo vya ndani, na moyo ambao tayari ulikuwa unapiga polepole unashindwa.

Maji na sukari

Wakati anapata joto, sukari ya damu nayo inashuka. Ini lake dogo huweka akiba ya saa chache tu. Dalili zake ni kulegea kabisa, kichwa kurudi nyuma, kuhema kwa kufungua mdomo, pengine kutetemeka au degedege. Chukua asali, au glukosi ya unga iliyokorogwa na maji ya uvuguvugu, upake tone moja kwenye fizi kwa ncha ya kidole. Rudia kila baada ya dakika chache. Paka tu, usimimine. Asiye na nguvu za kumeza atapaliwa hata na tone la asali.

Akishapata joto na kuanza kumeza, ndipo unampa maji yenye chumvichumvi, ORS ileile ya watoto isiyo na ladha. Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, matone machache kwa wakati, na kinachobaki kimwagwe baada ya saa 24. Watu wengi hupima ukavu wa mwili kwa kuvuta ngozi ya shingo, lakini kwa mchanga wa umri huu kipimo hicho hakiaminiki. Tazama fizi: zikinata kidole, amekauka. Tazama mkojo: wa mtoto wa paka mwenye maji ya kutosha karibu hauna rangi, na ukiwa wa njano iliyokolea, amekauka. Akiwa amekauka sana, kinywa hakitoshi, na daktari wa mifugo atamdunga maji chini ya ngozi ya mgongo. Ni kazi ya dakika chache na si ghali. Kama una fedha ya jambo moja tu kwa daktari, mara nyingi hilo ndilo la kulipia.

Maziwa

Maziwa ya paka yana protini karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta mengi zaidi. Ya ng'ombe yanampa protini pungufu na sukari ya maziwa kupita uwezo wa utumbo wake, matokeo yake ni njaa na kuharisha kwa pamoja. Ya mbuzi hayatofautiani sana na hayo. Maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari usiyaguse kabisa. Maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka hupatikana kwenye kliniki za wanyama za miji mikubwa, na hayo ndiyo ya kutafuta.

Usiku ambao hayapo, kuna mchanganyiko wa dharura: mililita 90 za maziwa ya kopo yasiyotiwa sukari, mililita 90 za maji yaliyochemshwa, mililita 120 za mtindi mtupu usioondolewa mafuta, na viini vitatu vya mayai bila ute mweupe. Saga, chuja, weka kwenye friji, na usivushe siku moja. Huu ni wa kumvusha siku moja au mbili tu. Akilelewa kwa mchanganyiko huo wiki nzima, atapungukiwa na virutubisho asivyoweza kuvipata kwingine.

Sasa namna ya kumlisha, na hapa nataka kwenda polepole, kwa kuwa nimeona wengi wakiwashika kama mtoto mchanga wa binadamu, chali mkononi. Paka hanyonyi chali. Mlaze kifudifudi juu ya taulo lililokunjwa, miguu ya mbele ipate kitu cha kukanyagakanyaga, kichwa kikiwa kimenyanyuka kidogo kama vile yuko kwenye chuchu ya mama. Maziwa yawe na uvuguvugu, tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono lisikuunguze wala lisikupe baridi. Tumia sirinji ya mililita moja, isiyo na sindano bila shaka, au chuchu ndogo ya chupa. Iingize pembeni ya mdomo, gusa ulimi, ngoja. Akishika vizuri, ulimi unajikunja kama mfereji na masikio yanaanza kuchezacheza kwa kila mkupuo. Masikio hayo ndiyo yatakayokuambia kwamba anameza. Yakisimama, nawe simamisha kidole. Sirinji ifuate mwendo wake, tone kwa tone. Maziwa yakitokea puani, acha papo hapo, mwinamishe kichwa chini, mfute, na siku mbili zinazofuata sikiliza pumzi yake.

Kipimo ni mililita 20 hivi kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito, zigawanywe mara nyingi, kwa sababu tumbo la mwenye gramu 100 hubeba mililita 4 au 5 tu kwa mara moja. Wa wiki ya kwanza hulishwa kila saa mbili, usiku na mchana. Wa wiki ya pili kila saa tatu, wa ya tatu kila saa nne. Akimaliza, mweke begani umpigepige mgongo acheue hewa.

Bado hujamaliza. Mchanga wa chini ya wiki tatu hawezi kujisaidia bila kusisimuliwa, na mama hufanya hivyo kwa kumlamba. Wewe chukua pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu na umsugue taratibu sehemu za siri na za haja kubwa hadi mkojo utoke, kila anapolishwa. Choo kikubwa mara moja au mbili kwa siku kinatosha. Anayesahauliwa hatua hii huvimba tumbo na kukataa maziwa, na watu hudhani anaumwa.

Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali kabla ya kununua dawa yoyote. Mtoto wa paka mwenye afya huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Mpime saa ileile asubuhi, andika kwenye daftari uzito, mililita alizokunywa, joto na hali ya choo. Kusimama kwa uzito siku moja ni onyo, na kupungua ni dharura. Mizani huona ugonjwa siku moja au zaidi kabla ya macho yako, na daftari hilo likifika kwa daktari linamwambia mengi kuliko maelezo ya dakika 20.

Kuanzia wiki ya nne anaanza chakula laini. Dagaa au kuku waliochemshwa bila chumvi wanafaa kumfungulia hamu. Bila kitunguu pia, maji wala saumu, kwani vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na supu ya nyumbani karibu kila mara inavyo. Lakini asikulie nyama tupu, wala ugali na dagaa: nyama bila mifupa haina kalsiamu ya kutosha na mifupa yake huwa laini hata kuvunjika. Chakula cha watoto wa paka kiingie mapema kadiri mfuko unavyoruhusu.

Mafua na macho

Sasa ndipo tunafika kwenye ugonjwa wenyewe. Unaoongoza ni mafua ya paka: chafya, kamasi, macho mekundu yenye usaha. Mara nyingi chanzo ni virusi viwili, hepesi ya paka na kalisi, na bakteria hudandia juu yake. Hayamwambukizi binadamu ugonjwa, lakini mikono na nguo zako huyahamishia kwa paka wengine kwa urahisi mkubwa. Hepesi ikishaingia haitoki. Hujificha kwenye neva na kurudi paka anapopata msukosuko, kwa hiyo usishangae mafua yakimrudia akiwa mkubwa.

Kinachomuua mwenye mafua mara nyingi ni njaa. Paka hali asichokinusa. Pua ikiziba, kwake chakula hakipo. Akiwa na kalisi, ulimi nao unatoka vidonda na kila kumeza ni maumivu. Basi kazi yako ya kwanza ni pua: ifute kwa pamba yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu kabla ya kila mlo, na upashe chakula moto kidogo ili harufu ipande. Mvuke unasaidia sana. Kaa naye bafuni mlango umefungwa, ndoo ya maji ya moto pembeni, mahali asipoweza kufika, dakika 10 hadi 15. Lakini iwe maji matupu. Nyungu yetu ya mikaratusi haimfai, wala mafuta ya kuchua yenye menthol na kafuri. Kinachotufungua sisi kifua humpa paka sumu.

Macho yaliyogandana yasivutwe kwa kucha. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe hadi uvuguvugu. Lowesha pamba, iweke juu ya jicho, subiri dakika mbili tatu hadi gamba lilainike, kisha futa kutoka kona ya ndani kwenda nje kwa mkupuo mmoja. Tupa pamba hiyo. Jicho la pili lina pamba yake. Rudia mara nne kwa siku au zaidi. Kuna watoto wa siku chache ambao macho hayajafunguka bado, na kope zinavimba kama punje ya choroko: ndani kuna usaha unaokandamiza jicho, na asipofunguliwa na daktari mapema hupofuka.

Dawa ya macho inahitaji uangalifu. Mafuta ya tetrasaiklini ya macho, yale ya bei nafuu yaliyopo karibu kila duka la dawa, hutumiwa na madaktari wa wanyama kwa paka pia. Hatari iko kwenye dawa za macho zenye steroidi, kama deksamethasoni, ambazo wauzaji wengi hutoa kwa jicho lolote jekundu. Hepesi huacha vidonda kwenye kioo cha jicho, na steroidi juu ya kidonda hicho huweza kulitoboa. Soma boksi. Ukiona neno hilo, rudisha.

Antibiotiki haziui virusi. Daktari huzitoa kuzuia bakteria waliodandia, nyingi huwa ni doksisaiklini, na kipimo chake hutokana na gramu za siku hiyo. Usigawe kapsuli ya mtu mzima kwa kukadiria. Na kidonge cha doksisaiklini kisimezwe kikavu hata siku moja, kwani hunasa kwenye koo la paka na kulichoma. Kifuatishe na mililita chache za maji.

Dawa za kabatini zinazoua

Paka hafanani na mbwa mdogo wala mtoto mdogo. Ini lake lina upungufu wa kimeng'enya ambacho wanyama wengine hutumia kuzifunga na kuzitoa dawa nyingi mwilini. Parasetamoli ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Kwetu sisi Panadol ni dawa ya kila homa, kwa hiyo mtu mwenye nia njema humpondea paka robo kidonge. Dawa hiyo mwilini mwa paka hugeuka sumu inayoharibu damu isibebe hewa: fizi zinakuwa za kahawia au za bluu, uso na nyayo zinavimba, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Kwa mtoto hakuna kipimo salama hata kidogo. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni nazo ziache kabatini.

Hapohapo ndipo lilipo tatizo la viroboto. Ni kweli viroboto huua: mtoto mwenye gramu 300 akiwa nao wengi hunyonywa damu hadi fizi zinageuka nyeupe kama karatasi. Lakini dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini humtia paka mitetemeko na degedege, na wengi hawaponi. Dawa za kuogeshea ng'ombe, unga wa kunyunyizia banda la kuku, mafuta ya taa na oili chafu ya gari, vyote nimeshasikia vikipendekezwa, na vyote ni sumu. Anavilamba vyote, kwa sababu paka hujisafisha kwa ulimi.

Njia salama ni ya kizamani. Akiwa na joto na ameshakula, kamwe si kabla, tengeneza povu la sabuni laini ya vyombo na maji ya uvuguvugu, upake kwanza duara shingoni ili viroboto wasikimbilie kichwani, kisha mwili. Suuza upesi, mkaushe palepale, mrudishe kwenye chupa yake ya joto. Halafu chukua chanuo la chawa, lile la meno yaliyobanana, mchane nyuma ya masikio, kidevuni na penye mzizi wa mkia, kila kiroboto akitumbukia kwenye bakuli la maji ya sabuni. Fanya kila siku, na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto. Mwenye fizi nyeupe haogeshwi kabisa. Mchane tu, umkimbize kwa daktari.

Minyoo ni ya kudhania kuwa anayo hata kama huioni, kwa sababu ile ya mviringo huingia kwa maziwa ya mama. Tumbo limevimba, mgongo umekonda, manyoya yamefifia. Dawa ya pairanteli huanza kutolewa akiwa na wiki mbili au tatu na kurudiwa kila wiki mbili, kwa kipimo cha daktari. Albendazoli, ile ya watoto wa shule, inaweza kuharibu uboho wa paka unaotengeneza damu. Na usimpe dawa yoyote ya minyoo akiwa bado amelegea. Kwanza anyanyuke.

Kuharisha, na ugonjwa wa kuogopa

Kuharisha kidogo baada ya kubadilishiwa maziwa ni jambo la kawaida. Punguza kiasi, ongeza ORS, tazama mizani. Kukiendelea zaidi ya siku moja kwa mchanga, peleka kinyesi kibichi kwa daktari akipime kwa hadubini, kwani vimelea kama koksidia na giadia vina dawa zake maalumu na havisikii dawa ya minyoo.

Lakini mtoto akitapika, akakataa kila kitu, akakaa ameinamia bakuli la maji bila kunywa, na kuharisha kukawa kwa harufu kali au damu, fikiria panleukopenia. Ni kirusi cha jamii ya pavo kinachoangamiza utumbo na chembe nyeupe za damu kwa pamoja. Dalili hujitokeza siku 2 hadi 10 baada ya kuambukizwa, na wengi wasiochanjwa hufa bila matibabu ya haraka. Haiwezekani kuutibu nyumbani peke yako: mgonjwa anahitaji maji ya mishipani, dawa ya kuzuia kutapika, na antibiotiki. Kirusi hicho huweza kuishi ndani ya nyumba mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haikiui. Jiki inakiua. Safisha uchafu wote kwanza kwa maji na sabuni, maana jiki ikikutana na kinyesi hupoteza nguvu, kisha weka vijiko vikubwa vitatu vya jiki kwenye lita moja ya maji, pakaza, acha dakika 10, suuza na ukaushe kabla paka hajarudi. Dawa za kusafishia zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini, ni sumu kwa paka.

Kwa sababu ya ugonjwa huu peke yake, mgeni akae chumba chake kwa siku 14, awe na vyombo vyake, na awe wa mwisho kuhudumiwa ukishamaliza paka wengine wa nyumbani. Badilisha nguo au vaa kanga ya kazi hiyo tu. Bafu dogo linafaa kuliko sebule.

Na watu wa nyumbani? Mapunye ndiyo yatakayowapata upesi zaidi: mabaka ya duara yasiyo na nywele kwa paka, mabaka yanayowasha kwa watoto wako. Nawa mikono kila unapomshika. Mjamzito asibadilishe mchanga wa choo, na anayebadilisha afanye kila siku, kwa kuwa mayai ya toksoplazma, kimelea cha kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huchukua siku moja hadi tano kabla hayajaweza kuambukiza. Na kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo kwetu na paka nao hukipata, ukiumwa au kuparurwa na paka wa mtaani usijitibu kwa bandeji. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo.

Madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi. Uliza mapema ni nani eneo lako anayetibu paka, kabla hujamhitaji usiku. Mambo ya kukimbizana nayo bila kungoja kesho ni haya: kuhema kwa mdomo wazi, fizi nyeupe au za bluu, degedege, joto lisilopanda baada ya saa tatu za kumkanda, tumbo gumu lililojaa, kutapika mfululizo. Mwombe daktari ampime uzito mbele yako kabla ya kila dawa.

Wengine watakufa hata ukifanya yote. Kuna waliozaliwa na kasoro za ndani, kuna waliokosa maziwa ya kwanza ya mama yenye kinga, ambayo utumbo huyapokea saa za mwanzo tu za maisha. Huzuni hiyo ni ya kweli na haihitaji kuombewa radhi kwa mtu anayekuambia ni paka tu. Osha boksi kwa jiki, rudi kwa ndugu zake waliobaki, wapime.

Wanaovuka hubadilika haraka mno. Siku moja mwenye mafua anachanua masikio harufu ya dagaa inapoingia chumbani, na kuanzia hapo ni uzito tu. Akiwa na wiki sita hadi nane na hana homa, chanjo ya kwanza ya mafua na panleukopenia inaanza, inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi atimize wiki 16, na ya kichaa huingia akiwa na wiki 12. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, kwa hiyo panga siku ya kumfunga kizazi mapema, na anayekuja kumchukua umkabidhi na lile daftari.